Mdomo Niliouweka Akiba

Siku ya kwanza kwenye kliniki ya chuo nilifika na madoa ya maziwa kwenye koti jeupe. Koti lilikuwa safi, nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe alfajiri, lakini mwanangu Shantel alikuwa na miezi mitano na titi langu halikujua kwamba saa mbili asubuhi ni saa ya masomo. Mwalimu Msimamizi wa Kliniki, ambaye sote tulimwita Madam, alinitazama kifuani, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Nasimiyu, hapa mgonjwa anaona koti kabla hajaona mkono. Kavae lingine."

Sikuwa na lingine. Msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alifungua begi akatoa koti la pili, bado liko ndani ya nailoni ya dukani, akanipa. Huyo ndiye Mueni. Nilivaa koti lake mchana kutwa, na nilimchukia kabla sijajua anaishi wapi.

Naandika haya kwa nyinyi mnaoanza sasa masomo ya usafi wa meno. Mimi nina miaka thelathini na moja na kazi nimeshaiacha. Wenzangu wa kanisani wanacheka, wanasema hakuna mtu anayestaafu akiwa na mtoto mgongoni. Wacheke. Nimefanya kazi kwenye kliniki tatu, moja mjini na mbili Lavington kwa matajiri, na mwaka huu nilipojifungua mtoto wa pili daktari mwenye kliniki alinipigia simu kuniambia kiti changu kimepata mtu. Hasira hiyo ni ya siku nyingine. Leo nataka kuwaeleza tulivyofundishwa mkono, na kitu nilichofanya nikiwa mwanafunzi, kwa sababu najua sasa hivi kuna mmoja wenu anakifanya.

Chuo kilikuwa katikati ya mji, kliniki ghorofa ya tatu, viti kumi na viwili vimepangwa safu mbili. Mwezi wa kwanza hatukugusa mtu. Tulipewa kichwa cha plastiki kilichofungwa kwenye kiti, chenye meno na ufizi wa mpira. Kitu cha kwanza kufundishwa hakikuwa meno, kilikuwa mgongo. Unakaa wima, mapaja yako sawa na sakafu, mdomo wa mgonjwa uko usawa wa kiwiko chako. Madam alikuwa akipita nyuma yetu na rula ndefu, ukijipinda anaiweka kwenye uti wa mgongo. Alituambia wengi wanaacha kazi hii kwa ajili ya mgongo wala si kwa ajili ya mshahara. Mimi niliacha kwa sababu nyingine, lakini mgongo pia una maneno yake.

Baada ya mgongo, vidole. Chuma cha kukwangulia tunakiita skela, kina ncha iliyopinda kama kucha ya kuku. Hukishiki kama kisu. Unakishika kwa vidole vitatu kama kalamu, na kidole cha nne, cha pete, kinakaa juu ya jino la jirani. Hilo ndilo egemeo. Mkono usio na egemeo ukiteleza unachana ulimi. Mkono mwingine umeshika kioo kidogo, na ndani ya kioo kila kitu kinaonekana kinyume, kwa hiyo wiki mbili nzima ukitaka kwenda mbele unarudi nyuma na unajiona mjinga.

Ukoga mnaujua, ule weupe laini unaotoka kwa mswaki. Usipotoka unashika, unakuwa mgumu, unakuwa jiwe la rangi ya chai, na jiwe hilo linashuka chini ya ufizi. Huko chini ndiko kazi iliko. Unaingiza ncha taratibu, unalitafuta kwa kusikia, si kwa kuona, unalishika kwa chini na kulivuta kwenda juu. Ukilikwangua juujuu unalilainisha tu. Ukilibana vizuri linatoka na mlio mdogo, kama karanga iliyopasuka, na nawaambia hakuna raha kama mlio huo.

Mazoezi ya nyumbani yalikuwa yai. Unalichemsha, unalipaka rangi ya kucha, rangi ikikauka unaikwangua yote bila kupasua ganda. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kabiria, na skela ya kuazima na yai jekundu mkononi. Mama Mutua wa mlango wa pili, aliyekuwa akinishikia Shantel mchana, alinitazama siku tatu mfululizo, siku ya nne akaniuliza hilo yai limenikosea nini. Nikamwambia ni masomo. Akasema kwao Machakos yai likisomewa hivyo mtu anaitwa kanisani kuombewa.

Mueni hakuwa na haja ya yai. Alikuwa na taya zima la plastiki nyumbani kwao Lavington, meno yanachomoka na kurudi. Alikuwa na miwani ya kukuza, ile yenye taa katikati ya macho. Alikuwa na vyuma vyake mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa, sisi wengine tukipangiana zamu kwa vile vya chuo vilivyonolewa mpaka vimekuwa sindano. Na hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Alikuwa anakuuliza mtoto amelalaje, na akikuuliza anasubiri jibu. Mkono wake ulikuwa mzito, Madam alimrudisha kwenye egemeo mara nyingi kuliko mimi. Lakini alikuwa na wakati. Mtu mwenye wakati atajifunza kitu chochote.

Sasa niwaambie kuhusu wagonjwa. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha sahihi. Mgonjwa mwepesi, sahihi. Mgonjwa wa kati, sahihi. Mwisho kabisa, mtihani wa kliniki: mgonjwa mmoja mzito, mwenye mawe chini ya ufizi, ambaye hajaguswa na mtu. Wasimamizi wanakuja, wanapima, unakwangua wakikutazama. Na wagonjwa hao chuo hakikuletei. Unawatafuta wewe. Utaratibu huo upo mpaka leo, na wakubwa wanausifu, eti unamfundisha mwanafunzi kuongea na watu.

Wewe ukitoka Kabiria unatafuta wapi? Nilikuwa natazama midomo ya watu kama mchinjaji anavyotazama ng'ombe. Sokoni Kawangware nilikuwa nabishana bei ya nyanya ili mama muuzaji afungue mdomo. Niliwapata wengi, lakini kuwapata si kuwaleta. Fundi wa mawe alikubali kuja Jumanne, Jumanne asubuhi akaitwa kibarua, nani atamlaumu. Mama wa mitumba alifika mpaka mlango wa kliniki, akaona kiti, akarudi. Nilikuwa nakaa kando ya kiti kitupu na koti langu safi, huku gari la kwao Mueni linashusha watu wawili wawili: mpishi, mtunza bustani, dada wa kazi, dada wa kazi wa jirani. Mama yake akisema wanakwenda, wanakwenda. Kitabu chake kilijaa. Changu kilikuwa na kurasa nyeupe. Nilikuwa nakifungua usiku kumwekea Shantel atazame, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuharibu.

Mgonjwa wangu mzito nilimwona kanisani. Mzee Makokha alikuwa mzee wa kanisa letu la Riruta, mtu wa kwetu, baba yake na babu yangu walichunga pamoja. Alikuwa soja wa mchana, mlinzi wa geti huko Lavington, kwa mama mmoja, ndivyo alivyosema, na mimi sikuuliza mama gani. Jumapili alikuwa anaimba besi. Wimbo ulipofika mahali pa kuvuta sauti alifungua mdomo, nami niko benchi la mbele na mtoto, nikaona nyuma ya meno yake ya chini. Lilikuwa jiwe moja refu limeunganisha meno sita kama saruji. Moyo ulinidunda. Watu walisema "amina" na mimi nikasema "amina" ya kweli.

Nilimwomba awe mgonjwa wangu wa mtihani, akakubali mara moja. "Mwanangu, kama ni mdomo tu, chukua," aliniambia. Jumapili iliyofuata nilifanya kitu kisichoruhusiwa. Nilitoa kioo na fimbo ya kupimia chuoni, nikaenda nyumbani kwake Riruta, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki nje, uso wake juani, mke wake akiwa kwenye mkutano wa akina mama. Fimbo hiyo ina mistari ya milimita. Unaipitisha kati ya jino na ufizi, na pale inapogota unasoma. Hadi tatu ni afya. Jino lake la mbele chini, upande wa kulia, fimbo ilishuka hadi saba. Damu ikatoka kabla sijaitoa fimbo. Nikalibana jino kati ya vyuma viwili nikalisukuma, na likacheza. Kidogo, lakini likacheza. Niliandika yote kwenye karatasi, na tarehe, kama tulivyofundishwa.

Nilijua la kufanya. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Saba, damu na jino linalocheza, mtu huyo anaingia kliniki kesho yake. Lakini akiingia kesho anaanza kutibiwa kesho, na akianza kutibiwa hafai tena kwa mtihani. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili. Basi nilikunja karatasi nikaitia ndani ya kitabu changu cha sahihi, nikamwambia mzee asiguswe na mtu mpaka nimwite. Akauliza kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima.

Alinilalamikia mara mbili. Mara ya kwanza alisema mkate unabaki na damu. Mara ya pili alisema akinywa chai ya moto anaona nyota. Nilimwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Alisema sawa, mtoto apite kwanza. Nilikuwa nikimwona kanisani ameshika shavu, namhesabia wiki.

Zikabaki wiki tatu. Asubuhi moja nilipanda ngazi, nikavaa koti, nikaingia kliniki, na kwenye kiti cha nne nikaona viatu vyeusi vya soja vimenyooka juu. Nilivijua. Mueni alikuwa ameinama juu ya mdomo wa Mzee Makokha, miwani imewaka taa, na kwenye kibakuli pembeni kulikuwa na vipande vya jiwe vya rangi ya chai, vingine vikubwa kama punje ya mchele. Mawe yangu.

Huyo mama mmoja wa Lavington alikuwa mama yake Mueni.

Nilimwita pale pale, mbele ya viti vyote. Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia ana nyumba nzima ya watu wa kukwangua na bado amekuja kuchukua wa kwangu mmoja. Mueni aliinua miwani, uso wake umetoka mistari ya maski.

"Nasimiyu, nilimpata getini analia na jino. Ningemwacha?"

"Ulijua ni wangu."

"Alisema anangoja mtihani. Nikamuuliza mtihani gani, akasema ni wa mtoto wao. Sikujua ni wewe. Na hata ningejua, Nasi. Mtu alikuwa analia."

Mzee Makokha hakuweza kuongea, mdomo ulikuwa na pamba. Aliinua mkono akaupungia hewani, kama mtu anayetuliza ng'ombe. Madam alinitoa nje. Aliniuliza kama nilikuwa nimewahi kumpima mzee huyo, nikasema hapana, nilimwona tu akiimba. Huo ndio uongo wa kwanza.

Wiki haikuisha. Mzee alirudi na mke wake, Mama Makokha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Jino la mbele lilikuwa linayumba. Mama Makokha alisimama katikati ya safu mbili za viti akasema mume wake aliingia hapo na meno yake yote yameshika, na huyo msichana wa tajiri ameyalegeza kwa vyuma vyake.

Hili mtalikuta kila siku, kwa hiyo mlijue. Watu wanaamini kusafisha meno kunalegeza meno. Si kweli, ila unaona kwa nini wanaamini. Jiwe likikaa miaka linashikilia jino lililokwisha kupoteza mfupa wake, kama tope kavu linavyoshikilia mti uliooza wa ua. Ukitoa tope, mti unaanguka, na wewe uliyetoa tope ndiye unayeonekana. Ndiyo maana kanuni inasema pima kwanza, andika, halafu kwangua. Karatasi yako ndiyo shahidi wako.

Na Mueni hakuwa amepima. Alimwona mzee ana uchungu, akamkalisha, akaanza kazi, akapima baada ya kumaliza meno ya chini. Madam alimuuliza mara mbili kama ni kweli, na mara zote mbili Mueni alisema ni kweli. Madam akamwambia kwamba bila vipimo vya kabla, chuo hakiwezi kumjibu mama huyo, na mwanafunzi mwenye kesi hafanyi mtihani. Atangoja msimu mwingine, miezi sita.

Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwangalia mdomo kabla ya siku ile.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo na trei ya vyuma mkononi. Mzee Makokha alinitazama. Hakunitazama sana. Akasema, "Hapana, Madam. Mimi hizi vitu nimeziona hapa mara ya kwanza."

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Muda wote nilikuwa namwonea Mueni wivu kwa sababu ya gari, miwani, vyuma, mama wa kutoa amri. Na hapo nikaona mimi pia nina kitu. Nina mtu wa kwetu anayeweza kusema uongo kwa ajili yangu, na yeye hana. Madam akasema meno ya juu ya mzee hayajaguswa, mawe yapo, na kama mzee anakubali Nasimiyu anaweza kuyafanyia mtihani. Mama Makokha akasema huyo ni mtoto wao, huyo ndiye afanye. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilirudi Kabiria natembea kama mtu aliyepata barua ya kazi. Mama Mutua aliniuliza nimekunywa nini.

Furaha hiyo ilikaa siku mbili. Siku ya tatu Mueni alinijia kwenye makabati ya nguo. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari. Alikuwa na kikaratasi. Alikuwa ameniandikia mambo ya mzee: juu kulia kuna ufizi unaouma sana usiuegemee, hawezi kulala chali muda mrefu kwa sababu ya kifua, akifinya kidole gumba ujue ameumia ila hatasema. Alisema, "Sitaki aumie mara ya pili." Kisha akaondoka, na nilisikia maji ya bomba yanafunguliwa chooni na hayafungwi.

Niliwaka hasira. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini hicho kikaratasi kiliniuma kuliko koti. Nilikuwa na mtu huyo zaidi ya mwezi na sikujua habari ya kidole gumba.

Jumamosi nilikwenda Riruta kumkumbusha mzee siku ya mtihani. Nilimkuta nje anafunga redio kwa uzi. Alikuwa anatafuna kwa upande mmoja. Nilimweleza saa ya kufika, akasema atafika. Nilipoinuka kuondoka aliniambia, bila kuniangalia:

"Ile siku ulinipima hapa, uliandika. Nilikuona. Hiyo karatasi usiniambie iko wapi. Nikijua iko wapi nitashindwa kunyamaza."

Nikamwambia, "Baba, kwa nini ulisema hakuna mtu?"

"Wewe ni wetu. Ningesema nini?" Akakaza uzi. "Lakini yule msichana alinishika kichwa vizuri. Na anapita hapo getini asubuhi ananisalimia, na mimi namfungulia geti siwezi kumtazama. Sasa nafungua nikitazama maua."

Mzee wa kanisa, miaka sitini na kitu, anatazama maua ya watu kwa sababu yangu.

Jumatatu nilimkuta Madam ofisini kabla wengine hawajafika. Sikuwa nimepanga maneno. Nilifungua kitabu cha sahihi, nikatoa karatasi, nikaiweka mezani. Aliisoma yote. Akaisoma tena.

"Tarehe hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Ulijua ni saba. Ulijua linacheza."

"Nilijua."

"Ukamweka."

"Nilimweka, Madam. Sikuwa na mwingine. Mueni angeweza kumtibu siku ile ile kwa sababu nyumbani kuna wengine wanangoja. Mimi nikimtibu yeye, nimemaliza."

Madam aliikunja karatasi. Nilidhani atanifukuza chuo. Alisema, "Hilo ni kweli. Na jino lake pia ni kweli."

Alitoa uamuzi hapo hapo. Mueni atafanya mtihani. Mimi nitangoja miezi sita. Na Mama Makokha nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo. Madam aliwaita, nikamwambia pale kliniki, mume wake ameketi kando. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Kwa hivyo ulikuwa unamfuga," alisema. "Kama kuku wa Krismasi."

Jino liling'olewa mchana ule. Daktari aliyeling'oa alisema halikuhitaji nguvu, liliachia kama jino la mtoto. Hakusema lingepona kama lingefika kwake mwezi na nusu nyuma. Alisema tu angejaribu. Nilishika kifyonza mate, nikaona mzizi, nusu yake imeliwa.

Kulibaki meno ya juu. Nilifikiri Madam atampa Mueni, au atangoja mwanafunzi mwingine. Aliniambia nivae glavu. Alisema meno hayo hayangojei mtihani wa mtu yeyote tena, na yeye hana wakati wa kutafuta mkono mwingine. Mama Makokha alikataa. Mzee akamwambia kitu kwa Kibukusu chetu, taratibu, sikukisikia chote, na mama akakaa chini akakumbatia kibeti chake.

Nilimwinua kichwa kwa mto kwa ajili ya kifua. Nilipima jino moja moja, nikaandika kabla ya kugusa chochote. Nilianzia kushoto, kulia nikaja mwisho, na pale kwenye ufizi unaouma niliweka kidole changu cha pete jino la mbali, nikalitazama gumba lake kuliko nilivyotazama kioo. Alifinya mara moja. Nilisimama, nikangoja, nikaendelea. Ilichukua saa tatu. Mawe yalitoka na ule mlio. Kazi safi kama ile sikuwa nimewahi kufanya, na kwenye kliniki zangu zote tatu sikufanya nyingine kuishinda. Madam alikuja akapitisha fimbo chini ya ufizi wote, haikugota jiwe popote. Kitabu changu kilikuwa mezani kwake, na hakukifungua, na mimi sikukiomba.

Mueni alifanya mtihani wiki iliyofuata na mpishi wa jirani yao, akapita kwa alama za juu. Niliposikia sikufurahi. Nilikuwa nyumbani naosha nepi na nilizisugua mpaka Mama Mutua akasema nitatoboa beseni. Mimi nilifanya wangu baada ya miezi sita, na mgonjwa niliyempata mwenyewe wiki ile ile ya mtihani, dereva wa mkokoteni, na nikapita kwa alama za kupita. Mzee Makokha alinisamehe haraka. Mke wake alinisalimia tena baada ya mwaka, na hata hivyo ni kwa ajili ya Shantel.

Leo Mueni ndiye Msimamizi wa Kliniki. Nyinyi mnamwita Madam. Ndiye atakayewawekea rula mgongoni. Ni mwalimu mzuri, nimesikia, na anasubiri jibu akiwauliza habari zenu. Mwezi uliopita nilimpigia kumwambia nimepoteza kazi, akaniuliza mtoto wa pili amelalaje. Nilikata simu kwa sababu nilijisikia vilevile kama zamani: ana kiti, mimi nina beseni. Sitawadanganya kwamba wivu ni ugonjwa wa ujana. Nimeuzoea kama mtu anavyozoea goti bovu.

Nilimpigia tena kesho yake. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba yeye sasa ana mamlaka, aondoe hiyo kanuni ya mgonjwa asiyeguswa, au chuo kitafute wagonjwa chenyewe. Alisema amejaribu mara mbili kwenye vikao na amekataliwa. Nikamwambia ajaribu mara ya tatu. Akasema nikiandika yaliyotokea, kwa jina langu, ataipeleka barua hiyo kikaoni na atawasomea wanafunzi wapya pia.

Kwa hiyo hii ndiyo. Jina langu liko hapo juu kwenye kila kosa. Na wewe uliyeuweka akiba mdomo wa mtu aliye Riruta au Kawangware, anayesukutua maji ya chumvi kwa ajili yako, mlete kesho. Utakosa mtihani, pengine. Mwenzako mwenye gari atapita kabla yako, na itakuuma, na mimi sina dawa ya hilo. Mlete tu, asubuhi, kabla jino halijaanza kucheza.